Muruwa na Kula Nje: Kuketi Mezani na Marafiki katika Mji wa Unguja tangu 1890

Neno muruwa ni jepesi katika kinywa cha Mswahili wa leo. Mambo yakienda vizuri husemwa ni muruwa, na mtu wa mwenendo wa kupendeza husifiwa kwa muruwa wake. Katika vitabu vya fikihi vilivyosomeshwa misikitini na katika kumbi za nyumba za masheikh wa Unguja, neno hilohilo lilikuwa na uzito wa kimahakama. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Minhaj al-Talibin kimekuwa nguzo ya masomo ya madhehebu ya Shafi katika mwambao wote, aliihesabu muruwa kuwa miongoni mwa sifa za shahidi anayekubaliwa mbele ya kadhi. Katika mifano ya mambo yanayoiangusha alitaja mawili ambayo msomaji wa leo huenda akayaona madogo: kutembea kichwa wazi na kula sokoni. Aliyezoea kula mbele za watu, bila ya kuwa mtu wa soko, aliweza kukataliwa ushahidi wake, kwa sababu asiyejistahi katika tonge hatazamiwi kujistahi katika neno.

Nawawi hakuishia hapo. Aliongeza kwamba jambo hilo hutofautiana kwa watu, kwa hali na kwa mahali. Nyongeza hiyo ndiyo inayoipa muruwa historia. Ikiwa kilichokuwa aibu kwa mtu mmoja hakikuwa aibu kwa mwingine, na kilichokatazwa katika mtaa mmoja kilizoeleka katika mtaa wa pili, basi mwanahistoria anaweza kuuliza ni lini, na kwa mikono ya nani, mpaka huo ulisogezwa. Katika Mji Mkongwe wa leo marafiki hupeana miadi, wakakutana mkahawani baada ya kazi, wakaagiza, wakala mbele ya wapita njia, wakachangiana kulipa. Hakuna anayewaza kwamba ushahidi wao umetiwa dosari. Insha hii inadai kwamba mazoea hayo hayakuletwa na watalii, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Yametokana na mabishano marefu ya watu wa Unguja wenyewe juu ya nani ale na nani, na mbele ya macho ya nani. Utalii uliyakuta mabishano hayo yakiendelea, ukayatia bei.

Sinia na daraja zake

Mahali pazuri pa kuanzia ni kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886. Akieleza maisha ya kasri la Mtoni enzi za baba yake, Sayyid Said bin Sultan, anaonyesha kwamba kula kulikuwa na utaratibu mkali kuliko hata wa baraza la hukumu. Kila mmoja alikaa mahali pake kwa umri na nasaba. Watoto wa Sultani waliofikia umri walikula naye. Masuria, hata waliopendwa sana, hawakula naye, ingawa ndio waliowazaa watoto hao. Mama yake Salme mwenyewe alikuwa suria. Kwa hiyo binti aliketi kula na baba yake mahali ambapo mama yake hakuweza kuketi. Huu ni ushahidi wa jumba la kifalme, na haifai kuueneza juu ya kila nyumba ya mji. Hata hivyo unaweka wazi kanuni ambayo nyumba ndogo ziliifuata kwa kadiri ya uwezo wao: chakula kilipanga watu.

Sinia lina sifa ya usawa, na sifa hiyo si ya uongo. Wanaolizunguka hula kwa mkono, kutoka chombo kimoja, kila mtu upande wake, na mwenye adabu humsogezea mwenzake kipande cha nyama. Lakini usawa huo huanza baada ya watu kuchaguliwa. Wanaume walikula mbali na wanawake, mabwana mbali na watumwa, na mgeni wa heshima hakuwekwa pamoja na mchukuzi aliyemletea mzigo wake. Methali ya Waswahili isemayo kwamba mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe, inashuku urafiki wa sinia. Na shaka hiyo inaonyesha kwamba urafiki wa namna hiyo ulikuwapo, ukavutia, na ukahitaji kuonywa.

Kati ya ukumbi na njia palikuwa na baraza, lile benchi la mawe lililojengwa kwenye uso wa nyumba. Roman Loimeier, katika makala yake ya 2007 kuhusu baraza la Zanzibar, amelichukulia kuwa taasisi ya mazungumzo na habari. Kwa mada ya insha hii lina umuhimu wa pili. Muuza kahawa alipita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe, akawamiminia waliokaa. Waliokunywa walikuwa nje kabisa, machoni pa kila mpita njia, wala muruwa yao haikuguswa. Sababu ni kwamba baraza lilihesabiwa kuwa sehemu ya nyumba. Aliyeketi pale alikuwa mgeni wa mwenye nyumba, na kahawa, hata iliponunuliwa kwa muuzaji wa kupita, ilibaki na sura ya ukarimu. Mji ulikwisha kujua, basi, namna ya kunywa na kutafuna kashata hadharani bila kuvunjiwa heshima. Kilichobaki kilikuwa kuivuta heshima hiyo mpaka kwenye wali.

Wasiokuwa na jiko

Utumwa ulifutwa kisheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897, miaka 7 baada ya visiwa kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Watu wengi waliotoka mashambani walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga mji wa mawe na vibanda vya makuti. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu burudani na siasa za mji huo kati ya 1890 na 1945, ameonyesha jinsi walioachwa huru walivyotumia mavazi kuutangaza uraia wao. Mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia mbele ya bwana wake. Mtu huru alivaa kofia na kanzu. Wanawake waliokuwa wakifunga kaniki walijifunga kanga na baadaye wakavaa buibui.

Hapa mifano miwili ya Nawawi inakutana kwa namna ambayo yeye mwenyewe asingeitarajia. Kichwa wazi kilikuwa alama ya mtumwa, na aliyeachwa huru alikifunika. Je, kula sokoni? Ingetazamiwa kwamba mtu huyohuyo, kwa kutafuta heshima, angekimbilia kula ndani. Wengi hawakuweza. Wachukuzi wa bandarini, mabaharia waliosubiri upepo wa kusi, vijana kutoka bara, Washihiri na Wangazija waliokuja kutafuta riziki, walikuwa wanaume wasiokuwa na wake wala majiko mjini. Walikula kwa wauzaji. Walichofanya ni kukigeuza chakula cha kununua kiwe na adabu zake: kunawa mikono, kumkaribisha anayepita, kukaa pamoja badala ya kula wima, na mwenye nacho kumlipia asiyekuwa nacho. Mtu aliyetoa pesa zake chache, katika siku za rupia kabla ya shilingi ya Afrika Mashariki kuchukua nafasi yake mwaka 1936, aliletewa chakula na mtu mwingine naye ameketi. Kwa mtu ambaye baba yake alizaliwa ili alete chakula cha wengine, hilo halikuwa jambo dogo.

Lugha imeyahifadhi mabadiliko haya. Mkahawa, kama jina lenyewe lisemavyo, ni nyumba ya kahawa. Leo ndipo watu wanapokula biriani, na huenda kahawa isipatikane. Hoteli, kwa Waswahili wengi, ni mahali pa kula kwanza, na pa kulala baadaye au pasipo na kulala kabisa. Maneno yote mawili yameacha maana yake ya asili yakaifuata sahani.

Mikahawa ya Ng'ambo ilikuwa pia mahali pa kusikiliza. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa watumwa na kuhamia mjini mwaka 1911, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Nyimbo zake zilisikilizwa mikahawani na watu wasiomiliki gramafoni. Aliyetaka kusikia aliagiza kikombe, na kikombe kilimkalisha karibu na asiowajua. Mwaka huohuo wa 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Si lazima kudai kwamba mgomo ulipikwa mkahawani. Inatosha kusema kwamba watu waliogoma pamoja walikwisha kuzoea kuketi pamoja mahali pasipo pa mwenye nyumba yeyote.

Wanawake walibaki nje ya picha hii, angalau kwa jinsi inavyoonekana katika maandishi. Baraza lilikuwa la wanaume, na mkahawa ulirithi desturi hiyo. Lakini chakula cha kununua hakikuwa mali ya wanaume hata kidogo, kwa sababu wanawake ndio walioupika sehemu kubwa yake. Urojo, ule mchuzi wa ukwaju au embe mbichi wenye bajia, kachori, viazi na chenga za muhogo, ni chakula chenye asili ya Kihindi kilichopata uraia wa Unguja, na kwa muda mrefu kimeuzwa milangoni mwa nyumba. Mtoto hutumwa na bakuli, akarudi nalo limejaa. Mwanamke mwenye kujistahi aliweza hivyo kula chakula cha nje bila ya yeye kutoka. Bakuli ndilo lililotoka.

Bustani mbele ya forodha

Forodhani inaitwa hivyo kwa sababu ndipo ilipokuwa forodha, mahali pa kutozea ushuru wa pembe, karafuu na watu. Baada ya bandari mpya kujengwa Malindi katika miaka ya 1920, na reli ndogo ya Bububu iliyofunguliwa mwaka 1905 kufungwa mwaka 1928, ufukwe ule mbele ya Ngome Kongwe ulipata nafasi. Mwaka 1936, kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Harub, uligeuzwa kuwa Bustani ya Jubilii. Palitengenezwa njia za kutembea, mabenchi na jukwaa la muziki.

Mpango wa watawala ulikuwa wa kutazama na kutazamwa: watu wenye nguo safi wakipunga upepo kwa utulivu huku bendi ikipiga. Watu wa mji walikubali mwaliko, kisha wakaongeza kitu ambacho hakikuwamo katika ramani, yaani chakula. Jambo hili halikutokea siku moja, wala halikuamuliwa na mtu. Anayetembea jioni huona njaa. Mwenye makaa na mishikaki huenda waliko watembezi. Sinema zilisaidia. Fair, katika kitabu chake kingine cha 2018 kuhusu sinema za Tanzania, ameeleza jinsi familia nzima, wanawake na watoto wakiwamo, zilivyofanya safari ya sinema kuwa tukio la wiki. Mwanamke aliyekwenda kutazama filamu ya Kihindi alikuwa ameshatoka nyumbani kwa heshima zote, amejitanda buibui, yuko pamoja na nduguze. Muhogo wa kuchoma na karanga alizonunua njiani zilikuwa ndani ya heshima hiyohiyo. Bustani, tofauti na mkahawa, haikuwa na historia ya kuwa ya wanaume. Ndiyo sababu, kwa maoni yanayotetewa hapa, Forodhani ina umuhimu mkubwa kuliko mkahawa wowote katika historia ya kula nje Unguja: ilikuwa mahali pa kwanza ambapo familia ya mji iliweza kula hadharani ikiwa pamoja.

Umbali wa dakika chache kwa miguu, Shangani, palikuwa na klabu ya Waingereza iliyoanzishwa mwishoni mwa karne ya 19. Wanachama wake waliketi barazani wakitazama jua likizama, wakihudumiwa na watu ambao hawakuruhusiwa kuketi pale. Baada ya Mapinduzi jengo hilo liliitwa Africa House. Mabadiliko ya jina yalikuwa ya siku moja. Swali la nani anaketi pale jua linapozama halijapata jibu la siku moja.

Kahawa yenye chama

Uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 ulifungua kipindi ambacho wazee wa Unguja hukiita zama za siasa. Michael Lofchie, akiandika mwaka 1965, na Jonathon Glassman, mwaka 2011, wameeleza kwa urefu jinsi ushindani wa Afro-Shirazi na Hizbu ulivyoingia katika mambo ya kila siku. Watu walisusa maduka ya wafuasi wa chama kingine, wakasusa mabasi, wakasusiana hata mazishini. Katika mazingira hayo kikombe cha kahawa kilipata chama. Aliyekunywa kwa muuzaji fulani alijulikana upande wake, na aliyebadili mkahawa alihesabiwa kuwa amebadili msimamo. Ghasia za Juni 1961, zilizoua watu 68, zilikuja juu ya jamii ambayo ilikuwa imekwisha kuacha kula pamoja.

Jambo hili linastahili kupewa uzito kuliko linavyopewa kwa kawaida. Kususa kula na mtu katika Unguja kulikuwa hatua ya mwisho kabla ya kumwona si mtu. Nyumba ilikwisha kujitenga zamani. Mahali pekee ambapo Mmanga, Mhadimu, Mngazija na mtu wa bara walikutana kwa hiari yao palikuwa mkahawani na kwenye baraza. Mahali hapo palipogawanyika, hapakubaki pengine.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalikuja na ahadi ya kuondoa daraja zote. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, wenyewe wakakimbia au wakafukuzwa, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikahamia humo. Lakini chakula chenyewe kilipungua. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari vilitolewa kwa mgao, na kusimama foleni kukawa ndiyo namna mpya ya kuwa pamoja na majirani. Mwenyeji asiyeweza kumtolea mgeni wali amenyang'anywa kitu kikubwa kuliko wali. Baraza, ambalo halihitaji zaidi ya kikombe, liliendelea. Rais Abeid Amani Karume mwenyewe alikuwa mtu wa baraza: aliuawa Aprili 7, 1972 katika makao ya ASP, Kisiwandui, akiwa ameketi na wenzake wakicheza bao.

Baraza lenye chama lilirudi pamoja na vyama vingi. Baada ya uchaguzi wa 1995, Jaws Corner katika mtaa wa Soko Muhogo, njia panda iliyopewa jina la filamu ya papa ya mwaka 1975, ilijulikana kwa kahawa na kwa wafuasi wa CUF. Upande wa Michenzani, maskani ya Kisonge ilijulikana kwa CCM na kwa mbao zake za matangazo. Mgeni aliyeketi Jaws Corner kwa sababu kahawa yake ni nzuri alikuwa amepiga kura bila kujua. Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Novemba 2009 na kuanza maridhiano, moja ya dalili ambazo watu wa kawaida waliweza kuzipima wenyewe, bila kusubiri tamko la serikali, ilikuwa nani sasa anakunywa kahawa wapi.

Meza ya mgeni

Serikali ya Jumbe ilifungua hoteli ya Bwawani mwaka 1974, jengo kubwa la zege ukingoni mwa kinamasi cha Funguni. Ilikuwa hoteli ya dola, yenye ukumbi wa dansi na meza zilizotandikwa, na kwa vijana wa wakati ule ilikuwa mfano wa kwanza wa kwenda kula mahali kwa sababu ya mahali penyewe. Kipindi kikubwa zaidi kilianza mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi alipolegeza biashara ya nje, na hasa baada ya sheria ya kulinda vitega uchumi ya mwaka 1986. Bidhaa zilirudi madukani. Wageni walianza kuja kwa maelfu, halafu kwa malaki. Kufikia mwaka 2019 idadi yao ilipita 500,000 kwa mwaka. Mji Mkongwe, ambao baadhi ya nyumba zake zilikuwa zikianguka kwa mvua, uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000.

Mkahawa wa aina mpya ulizaliwa juu ya mapaa. Mmarekani Emerson Skeens, aliyefika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuishi huko mpaka kufa kwake mwaka 2014, alikuwa kati ya waliokarabati majumba makubwa ya mawe kuwa hoteli, na la Hurumzi likawa maarufu kwa chakula chake cha jioni juu ya dari. Mgeni alivua viatu, akaketi juu ya mito sakafuni, akaletewa chakula kilichopangwa, huku adhana ikisikika kutoka minara mbalimbali. Jina la mtaa huo husimuliwa kuwa limetokana na kuachwa huru kwa watumwa, kwani ndani yake mabwana walilipwa fidia baada ya 1897. Yaliyofanyika juu ya dari hiyo ni ya kuvutia kwa mwanahistoria. Mtalii aliketi chini, kama watu wa kasri la Mtoni, na alilipa fedha nyingi kwa ajili ya kuketi hivyo. Mwenyeji, wakati uleule, alikuwa Forodhani juu ya kiti cha plastiki. Wala usisemwe uongo kwamba dari ilimkataza mtu. Hapakuwa na kanuni ya rangi wala ya dini. Palikuwa na menyu ambayo bei zake, katika mikahawa mingi ya aina hiyo, ziliandikwa kwa dola.

Si kila mgogoro ulikuwa wa bei. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na mkahawa mmoja wa ufukweni ulichukua jina lake. Ulipopanga sherehe ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwake, Septemba 2006, Jumuiya ya Uamsho ilipinga hadharani, ikisema kwamba sherehe hiyo ingevunja maadili ya Kiislamu, na sherehe haikufanyika kama ilivyokusudiwa. Magazeti ya nje yaliiandika habari hii kama ugomvi juu ya mwimbaji. Kwa historia inayosimuliwa hapa ulikuwa swali la zamani katika nguo mpya: kinachofanywa mezani mahali pa wazi kinasema nini juu ya mji wote?

Forodhani ilifungwa kwa ukarabati, ikafunguliwa tena mwaka 2009 kwa kazi ya mfuko wa utamaduni wa Aga Khan. Wauzaji waliohamishwa walirudi kwenye bustani yenye njia mpya, taa na taratibu. Usafi uliongezeka, na hilo lilihitajika. Bei nazo zilipanda kwa kumfuata mnunuzi wa kigeni, hasa za pweza na kamba waliopangwa mezani kwa ajili ya macho yake. Wakazi wengi hawakuiacha bustani, waliibadilishia matumizi. Huja kupunga upepo, hununua juisi ya miwa au urojo, watoto hupewa pizza ya Zanzibar, ile chapati nyembamba iliyokunjwa juu ya nyama na yai. Kwa mlo kamili huenda Darajani, ambako meza za jioni kandokando ya barabara huuza vyakula vilevile kwa watu wanaojua bei.

Kuvunja jungu

Ipo desturi moja ambayo ingetosha kuonyesha kwamba kwenda kula nje na marafiki si jambo la kuazima. Siku za mwisho za mwezi wa Shaabani watu wa Unguja huvunja jungu. Wafanyakazi wa ofisi moja, wanafunzi wa darasa moja, wanawake wa mtaa mmoja au wa mchezo mmoja wa fedha huchangishana, hununua mchele, kuku na mbuzi, hukodi gari, wakaenda Fumba, Mangapwani, Bububu au pwani yoyote yenye kivuli, wakapika, wakala na kucheza mpaka jua linachwa. Masheikh hukemea kila mwaka yanayozidi mipaka, na kukemea kwao ni ushahidi mzuri wa uhai wa desturi.

Vunja jungu halimtegemei mwenyeji. Hili ndilo linaloitofautisha na karamu ya harusi au na Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambako huhesabiwa kuwa nuksi kwa nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Katika vunja jungu hakuna mgeni, kwa kuwa kila mtu ametoa fungu lake. Wala hakuna mkubwa, isipokuwa aliyekabidhiwa fedha, na huyo husumbuliwa kwa maswali mpaka hesabu zitakapokamilika. Marafiki wanaogawana bili mkahawani leo hawajaiga desturi ya Ulaya. Wamelileta vunja jungu mjini, wakalifupisha liwe la saa mbili, wakalifanya liwezekane katika Ijumaa yoyote. Wanawake ndio waliofaidika zaidi. Walikuwa na mazoea ya kuchangishana na kutoka kwa kundi tangu zamani, na kundi liliwafuata mpaka kwenye meza.

Mkahawa wa Lukmaan, Mkunazini, ni mahali pazuri pa kuyaona hayo. Uko kando ya mbuyu, jirani na kanisa kuu la Kianglikana lililoanzwa kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Chakula kimepangwa mbele, mteja hukiona kabla ya kukiagiza, pombe haiuzwi. Watalii ni wengi, nao husifu kwamba hapo ndipo wenyeji wanapokula. Karani wa serikali hula meza ya pili yake, na meza ya tatu wameketi wasichana wanne wa buibui, kila mmoja na simu yake. Wote huikuta sahani ileile ya pilau. Passing Show, kule Malindi, nao umelisha watu wa aina zote kwa miaka mingi bila ya dari wala mandhari ya bahari. Mikahawa ya namna hii haitajwi sana katika maandishi ya urithi wa Mji Mkongwe, ambayo hupenda milango ya kuchonga. Lakini mlango wa kuchonga ulitengenezwa ili kuonyesha nani abaki nje.

Mwezi mmoja kwa mwaka kanuni ya Nawawi hurudi na nguvu zake. Mchana wa Ramadhani kula hadharani Unguja ni kosa mbele ya jamii, na mtu anaweza kukamatwa kwa kosa hilo. Mikahawa mingi hufungwa. Michache inayohudumia wageni huteremsha mapazia milangoni na madirishani. Mtalii huingia ndani akala kimya, amefichwa asionekane na mpita njia, kama alivyokula zamani mtu wa heshima katika nyumba ya mawe. Nje, barabara ya Darajani imejaa watu wanaonunua tambi, maboga na tende. Adhana ya magharibi ikishatoka na futari ikishaliwa majumbani, makaa huwashwa Forodhani, mapazia huvutwa, na viti hurudishwa njiani.